Sipiyu ya shilingi 5,500 ya kujaribia kerneli: miezi mitatu nayo

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Shilingi 5,500, bila skrini, bila kibodi, na waya mmoja wa stima ambao kichwa chake kilikuwa kimelegea. Niliinunua mwezi wa Aprili pale Luthuli Avenue, Nairobi, ghorofa ya kwanza ya jengo lililojaa vibanda vya spika, simu na taa za disko. Duka silitaji, na kampuni iliyounda kompyuta yenyewe silitaji vilevile, kwa sababu kasoro nyingine nitakazozisema huenda ni za hii moja tu iliyoniangukia. Ni zile nyeusi pana za ofisini, zinazoletwa kwa kontena kutoka Ulaya mabenki ya huko yakibadilisha vifaa. Prosesa ni Core 2 Duo. Diski ni ya GB 160. RAM, kwa mujibu wa karatasi iliyobandikwa ubavuni kwa kalamu ya wino mzito, ni GB 4; neno hilo liwekeni pembeni, nitalirudia. Na nyuma ina kile kilichonitoa nyumbani: poti ya siriali ya pini tisa, pamoja na matundu mawili ya duara, la zambarau la kibodi na la kijani la mausi.

Wauzaji wa Luthuli huliita sanduku zima "sipiyu", ingawa sipiyu ni ile prosesa tu iliyomo ndani. Mimi ni mwalimu wa kompyuta wa shule ya upili, na kila muhula kuna mtoto ninayemkata alama kwa kosa hilohilo. Lakini ukisimama pale ukasema unatafuta kitengo cha mfumo, utatazamwa mpaka uone haya. Nikasema natafuta sipiyu.

"Karibu madam. Ya gemu ama ya ofisi?"

"Ya kujaribia kerneli."

Kijana akafikiri kidogo. "Ya ofisi," akasema, akapanda kiti akanishushia hii.

Kwa asiyejua, kerneli ndiyo programu iliyo chini ya programu zote: inagawa kumbukumbu, inasikiliza kibodi, inaamua nani apewe prosesa na kwa muda gani. Windows ina yake, simu yako ina yake. Mimi naandika yangu, ndogo sana, kwa lugha za programu za asembli na C, tangu likizo ya Desemba. Si kwamba kuna mtu anaingoja. Ni kwamba kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikichora ubaoni kisanduku kilichoandikwa "mfumo endeshi", juu yake programu, chini yake maunzi, hadi siku moja msichana wa kidato cha pili aliponiuliza ndani ya kisanduku hicho kuna nini hasa. Nikamjibu kwa maneno mengi. Akaandika yote. Nilipokuwa nafuta ubao nilijua kwamba sijamwambia kitu.

Hadi Aprili kerneli yangu ilikuwa inaishi ndani ya QEMU, na ni haki QEMU isifiwe kabla sijaendelea. Ni programu inayojifanya kompyuta nzima ndani ya kompyuta yako. Aliianzisha Mfaransa Fabrice Bellard, ikatolewa mara ya kwanza mwaka 2003, na hadi leo ni ya bure. Unabadilisha mstari mmoja wa msimbo, unabonyeza, na kabla hujarudisha kikombe mezani kerneli imeshawaka au imeshakufa. Ikifa, kama uliiomba, inakuandikia kwenye faili hali ya kila rejista, vile visanduku vidogo vya namba ndani ya prosesa, ilivyokuwa wakati wa kukata roho. Kwa anayeanza, msinunue sipiyu yoyote kabla ya kumaliza miezi miwili mitatu na QEMU. Hilo nalisema nikiwa nimeshalipa 5,500 zangu.

Kasoro yake ni moja: ni mpole kupita kiasi. Inakusamehe mambo ambayo hata hujui umesamehewa. Na hapo ndipo sanduku la Luthuli linapoanza kula pesa yake kihalali.

Kutoka Luthuli hadi kwetu Majengo si mbali, lakini mzigo wa kilo kama kumi na mbili hauendi kwa miguu. Mwenye mkokoteni alitaka mia mbili, tukaelewana mia na hamsini. Tulipopita Gikomba akaniuliza, "Mama, hii ni sefu?" Nikamwambia ni kompyuta. Akacheka, akasema kompyuta za siku hizi zinaingia mkobani. Kweli tupu, na ndiyo sababu hasa sikutaka ya siku hizi. Intel ilitangaza mwaka 2017 kwamba itaacha kutegemeza uwashaji wa njia ya zamani, ile ya BIOS, programu iliyomo ubaoni inayoamka kwanza kabisa, ifikapo 2020. Laputopu mpya nyingi zinataka njia ya UEFI, mrithi wa BIOS, ambayo ni nzuri, ina mpango wake, lakini inakukuta tayari umebebwa mgongoni. Mimi nilitaka kuanzia chini kabisa, mahali ambapo BIOS inasoma baiti 512 za kwanza za diski, inaziweka kwenye anwani 0x7C00 (hiyo 0x husema tu kwamba namba imeandikwa kwa kizio cha kumi na sita), inahakikisha mbili za mwisho ni 0x55 na 0xAA, kisha inaondoka zake. Baada ya hapo ni wewe na Mungu wako. Prosesa ya karne hii inaamka ikijidhani ni 8086 ya mwaka 1978: biti 16, megabaiti moja ya kumbukumbu, hakuna ulinzi wowote. Kazi yako ya kwanza ni kuizindua.

Usiku wa kwanza nilichomeka flashi, nikawasha. Feni ikaanza. Mpwa wangu, yuko kidato cha tatu na analala chumba cha pili, akatoa kichwa mlangoni: "Shangazi, hii ni kompyuta ama ni kinu cha unga?" Sikuwa na jibu. Kwenye skrini, pembeni kabisa juu kushoto, palitokea herufi moja nyeupe: E.

E ni yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeiweka sekta ya kwanza iichapishe ikishindwa kusoma diski, nikitumaini sitaiona maisha. Sababu niliipata baada ya kama saa moja. BIOS inapokukabidhi mashine, inakuachia kwenye rejista ya DL namba ya diski uliyowashwa nayo. Ndani ya QEMU nilikuwa nikiiwasha kama diski laini ya zamani, ambayo namba yake ni 0, basi mimi kwa uvivu niliandika 0 kwa mkono wangu. Flashi kwenye mashine hii inahesabiwa kuwa diski ngumu, namba 0x80. Nilikuwa namtuma mtu dukani kununua unga kwenye duka ambalo halipo. Nikafuta ule mstari, nikaihifadhi DL kama ilivyokuja, E ikaondoka.

Ikaja giza. Hapa niruhusuni nikae kidogo, kwa sababu kosa lililofuata limenichukua siku nne, na ni kwa ajili yake ninaandika haya yote.

Kerneli ilisomwa. Nilijua imesomwa kwa sababu hakuna E. Nilijua pia imeshaizindua prosesa na kuingia biti 32, kwa sababu niliipachika vialama njiani: kila hatua ikikamilika, asembli inaandika herufi moja moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya skrini. Skrini ya maandishi ni safu 80 kwa mistari 25, inaanzia anwani 0xB8000, na kila herufi inakula baiti mbili, moja ya herufi yenyewe na moja ya rangi. Kwa hiyo ukiandika 'K' kisha 0x0A, unapata K ya kijani kibichi. Nikaona A, nikaona B, nikaona K ya kijani inayosema "sasa naingia kwenye C". Baada ya K, ilipaswa kuja salamu. Haikuja. Ndani ya QEMU, flashi ileile, salamu inakuja kila mara.

Siku ya pili nikawa nashuku kila kitu. Nikashuku kompaila, ile inayogeuza C kuwa maagizo ya prosesa. Nikashuku flashi, nikanunua nyingine. Nilisoma jedwali langu la segmenti baiti kwa baiti hadi mamangu akaniuliza kama nina mtihani. Siku ya tatu kukatokea kioja: niliizima kwa kitufe, nikaiwasha tena haraka, na salamu ikatokea. Lakini ilitokea katikati ya skrini, mstari wa kumi na tatu, imejikunja nusu huku nusu kule. Nikaizima, nikaiwasha: hakuna. Nikaizima, nikala chakula cha jioni, nikaiwasha: hakuna. Nikaizima na kuiwasha upesi: ipo, lakini mstari wa saba.

Kitu kinachobadilika kulingana na umekaa muda gani bila stima. Nilipolisema hivyo kwa sauti, peke yangu jikoni, ndipo nilipoelewa.

Ndani ya C nilikuwa na vigeu viwili, safu na mstari, vinavyokumbuka kishale kiko wapi. Sikuvipa thamani yoyote, kwa sababu C inaahidi kwamba kigeu cha namna hiyo kinaanza na sifuri. Sasa ahadi hiyo anaitimiza nani? Kwenye Linux, anayekuletea ile sifuri ni mfumo endeshi wakati unapakia programu. Vigeu visivyo na thamani havikai hata kidogo ndani ya faili. Vinatengewa sehemu inayoitwa bss, ambayo ni kiwanja kitupu kilichopimwa ukubwa tu, na kerneli ndiyo inayokifagia kabla programu haijaingia. Na hapa kerneli ilikuwa mimi. Hakuna aliyefagia.

QEMU huipata RAM yake kutoka kwa mfumo wa laputopu yangu, na inaipata ikiwa sifuri tupu. Ni kama kukodishwa chumba kilichopigwa deki na rangi mpya. Mashine halisi inakupa chumba kama alivyokiacha mpangaji wa jana: BIOS imepita humo, kerneli yangu ya dakika mbili zilizopita imepita humo, na chembe za RAM hushikilia kidogo kilichokuwemo hata baada ya stima kukatika. "Mstari" wangu ulikuwa unaanza na takataka yoyote iliyokuwepo, pengine namba kama elfu tisa na kitu, salamu inaandikwa huko mbali ambako hakuna skrini. Siku ya bahati takataka ilikuwa 13.

Dawa yake ni maagizo matano ya asembli: weka mwanzo wa bss kwenye rejista ya EDI, weka ukubwa wake kwenye ECX, weka sifuri kwenye EAX, safisha bendera ya mwelekeo, kisha rep stosb, inayojaza sifuri hadi mwisho. Nikaongeza, nikawasha. "Habari za asubuhi, Majengo." Juu kushoto, mahali pake. Ilikuwa saa tano za usiku, lakini salamu ni salamu.

Yule msichana wa kidato cha pili sasa yuko cha nne. Nilimwita ofisini nikamchorea chumba na mpangaji. Akauliza, "Kwa hivyo mwalimu, sifuri si kitu kinachokuwepo tu, lazima mtu aiandike?" Hapo nilihisi 5,500 zimerudi na riba.

Poti ya siriali sasa. Kwa nini mtu wa leo atake poti ya miaka hiyo? Kwa sababu kerneli ikianguka, skrini mara nyingi inaanguka nayo, hasa ukipata yale makosa matatu yanayofuatana ambayo prosesa ikiyaona inajiwasha upya bila kuaga. Mashine inapepesa, unabaki na nembo ya BIOS. Siriali inakutolea maneno nje, herufi kwa herufi, yanakaa kwenye laputopu yako hata mwenzake akishakufa. Anwani yake ni 0x3F8, ni maagizo machache tu, na haihitaji dereva wa kutisha.

Upande wa laputopu unahitaji adapta ya USB. Hapa ndipo nilipotapeliwa, ingawa nusu ya lawama ni yangu. Kibanda cha mkabala na duka kiliniuzia ya shilingi 350, kibao kidogo chekundu chenye pini nne. Ile ni ya volti 3.3 au 5, ya kuchezea vibao vya elektroniki. Poti ya nyuma ya sipiyu ni RS-232, ambayo huruka kati ya volti chanya na hasi, na inaweza kufika 12 hivi kila upande. Nashukuru sikuichomeka, fundi wa redio hapa mtaani ndiye aliyeishika akaniambia, "Mwalimu, hii utaichoma." Muulize muuzaji neno moja tu: ni ya RS-232? Akisita, ondoka. Sahihi niliipata kwa 700, ina kichwa cha pini tisa chenye skrubu mbili. Fundi akanichomelea waya wa kuvukisha kwa mia: pini 2 iende 3, pini 3 iende 2, pini 5 kwa 5.

Basi nikatuma salamu ileile kupitia siriali. Laputopu ikapokea hivi:

Habari za asubuhi

Nikapiga makofi peke yangu. Kisha nikaona: Majengo haikufika, wala ile koma yake. Nikatuma tena, hivyohivyo. Ukihesabu herufi za "Habari za asubuhi" pamoja na nafasi zake utapata kumi na saba. Chipu ya siriali ya aina ya 16550 ina foleni ya baiti kumi na sita, na moja zaidi inakuwa tayari iko njiani kwenye waya. Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, kila herufi huchukua kama milisekunde moja kutoka. Prosesa inasukuma zote kabla hata ya pili haijatoka. Kumi na saba wakapanda, gari likajaa, Majengo ikaachwa stejini. QEMU haina habari ya gari kujaa. Kwake herufi inafika papo hapo. Kwenye mashine ya kweli sharti uchungulie poti 0x3FD, biti ya tano, usubiri ikuambie nafasi ipo. Nikaongeza hiyo subira, mstari mmoja, na Majengo ikafika.

Kibodi nayo ni ya shilingi 150, ya kichwa cha duara, ina mafuta ya mikono ya watu. Inafanya kazi vizuri kuliko ya USB kwa shughuli hii, kwa sababu unaisoma moja kwa moja kwenye poti 0x60: A ikibonyezwa ni 0x1E, ikiachiliwa ni 0x9E. Jedwali la kugeuza namba hizo kuwa herufi nililiandika usiku mmoja, na kwa kuwa nafikiria kwa Kiswahili nikaziruka Q na X, sikuona kazi yake. Nikaja kugundua wiki mbili baadaye kwamba ndani ya kerneli yangu haiwezekani kuandika neno QEMU.

Ule mlango wa A20, unaofunga sehemu ya kumbukumbu iliyo juu ya megabaiti moja na ambao watu huuandikia kurasa nyingi, haukunisumbua: BIOS ya sanduku hili iliufungua yenyewe. Niliacha msimbo wangu wa kuufungua pale pale, kwa heshima ya yeyote aliyeamua mwaka 1984, kwenye IBM PC/AT, kwamba waya wa ishirini na moja wa anwani za kumbukumbu upitie kwenye chipu ya kibodi.

Nirudi kwenye ile karatasi ya GB 4.

Mwezi wa Mei nilianza sehemu ya kugawa kumbukumbu kwa kurasa za baiti 4,096. Kabla ya kugawa ni lazima ujue una nini, na kwa hilo unaiuliza BIOS kwa wito wa 0xE820, ukiwa bado biti 16. Inakupa orodha: kuanzia hapa hadi pale ni yako, kuanzia pale hadi pale usiguse. Kerneli yangu ikachapisha orodha. Kipande cha kwanza, kutoka sifuri, kilobaiti 639. Hicho ni cha kawaida. Kipande cha pili kilianzia megabaiti ya kwanza, kikaishia 0x7E000000. Nikachukua kalamu. Hiyo ni megabaiti 2,016. Baada ya hapo hakuna kingine cha kutumia. Nikadhani nimekosea kuhesabu, nikampa mpwa wangu ahesabu. Akapata 2,016. Nikafungua sanduku kwa bisibisi, nikakuta kijiti kimoja tu cha GB 2 na nafasi tatu tupu zenye vumbi.

Jumamosi nikarudi Luthuli na risiti, flashi na picha kwenye simu. Risiti zao zimepigwa chapa chini: mali ikishauzwa hairudishwi. Kijana aliitazama picha ile, maandishi ya kijani kwenye weusi.

"Madam, hii ni programu gani inasema hivyo?"

"Ni yangu."

"Yaani umedaunilodi wapi?"

"Sijaidaunilodi. Nimeiandika."

Akatabasamu kama mtu anayemvumilia mteja, akaniambia programu za kujiandikia zinaweza kukosea, yeye atafungua mashine kwenye Windows nione. Hapo mzee mwenye duka, aliyekuwa nyuma ananywa chai, akauliza kuna nini. Nikamsalimu shikamoo, nikamweleza. Akachukua mashine moja ya aina ileile iliyokuwa mezani, akasema, "Hebu weka hiyo flashi yako mwalimu." Kerneli yangu ikawaka pale dukani, mara yake ya kwanza kukanyaga mashine nyingine, na moyo wangu ulikuwa unadunda kuliko siku ya usaili wa kazi. Ikachapisha orodha. Safari hii palikuwa na kipande cha ziada mwishoni kinachoanzia 0x100000000, moja na sifuri nane nyuma yake: kile kinachosukumwa juu ya mpaka wa GB 4 mashine ikiwa na RAM ya kutosha. Mzee hakuelewa namba, lakini alielewa kwamba hii ina mistari zaidi ya ile ya kwenye picha. "Mpe mwalimu haki yake," akamwambia kijana. Nikapewa kijiti kingine cha GB 2, DDR2, na samahani. Kijana alinisindikiza hadi ngazini akiniuliza kama kerneli hiyo inacheza video.

Kwa hiyo duka nalipatia alama tatu kwa tano. Walikosea, au walidanganya, sijui ni lipi. Walirekebisha bila kunizungusha wiki nzima. Sanduku lenyewe nalipatia nne. Yaliyolipunguzia moja ni haya. Feni, nimeshasema. Betri ndogo ya ubaoni ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila stima ikipotea BIOS inasahau tarehe na mpangilio wa kuwashia, inaanza kutafuta Windows iliyokuwa kwenye diski. Betri ya CR2032 ni shilingi 50 kwa muuza saa yeyote, ibadilisheni siku ileile. Na tokeni za stima: mamangu ameanza kuandika kwenye kalenda ya ukutani siku ninayoiwasha.

Diski nimeitoa kabisa. Kerneli ya mtu anayejifunza isilazwe chumba kimoja na picha za harusi, kwa sababu anwani moja ukiikosea kwenye msimbo wa kuandikia diski, hutaulizwa mara mbili.

Nani asiinunue? Anayetaka kuandika kwa UEFI na biti 64 tangu siku ya kwanza, huyo atafute kitu kipya zaidi kidogo, prosesa hii inazijua biti 64 lakini BIOS yake ni ya kizamani tupu. Anayeishi chumba kimoja na mtoto mchanga, kwa sababu ya ile feni. Na asiyekuwa na poti ya siriali kwenye ile anayoonyeshwa: wengine wana mashine sura hiyohiyo lakini nyuma wamebaki na tundu lililozibwa kwa bati. Igeuze uione nyuma kabla hujatoa simu kulipa.

Tangu Juni kerneli inapokea mapigo ya saa. Kuna chipu inayopiga mara 1,193,182 kwa sekunde, unaigawanya kwa 11,932 ili upate mapigo mia moja hivi. Mgawanyo haukati sawasawa, kwa hiyo saa yangu inachelewa kama sekunde 1.3 kwa siku. Nimeiacha ikihesabu sekunde kwenye kona ya skrini, haifanyi kitu kingine, ili nione itakaa hai muda gani bila kuanguka. Mpwa wangu akitoka shule huanza nayo kabla ya kuvua viatu. Ya juu kabisa tuliyowahi kuiona ni 212,640, siku mbili na nusu kasoro kidogo. Haikuanguka. Stima ilipotea mtaa mzima, na tulikuwa hatujaweka tokeni za kesho yake vilevile.